Mkanda Aliouapia Baba Mdogo

Gari letu limenizidi umri, na kwa sababu hiyo nililelewa kulipa heshima. Mlango wake haupigwi kwa nguvu. Kiti chake hakikaliwi na mtu mwenye matope. Likikataa kuwaka asubuhi, baba huliongelesha kwa upole kama mtu anayemwamsha mkwewe. Mimi nikikataa kuamka asubuhi huvutwa shuka. Sikuwahi kulalamika, maana gari hilo ndilo lililombeba Bibi.

Bibi ni mama mzazi wa baba. Figo zake zimeacha kazi, hivyo kila Jumanne na Ijumaa sharti afike hospitali ya mji wa pili, alazwe kando ya mashine, damu yake itolewe, isafishwe, irudishwe mwilini. Akikosa siku moja miguu huvimba. Akikosa mara mbili mfululizo, pale nyumbani hakuna aliyependa kuimalizia sentensi hiyo. Barabara ya kwenda huko hupanda mlima mrefu, upande mmoja mwamba na upande mwingine hakuna kitu, na simu hazishiki. Gari likizimika pale, mtu hukaa akiangalia mawingu mpaka apatikane mpita njia mwenye huruma na kamba.

Ugonjwa ulipoanza, ukoo uliitisha kikao. Shangazi alichukua dawa. Baba alichukua mafuta ya gari. Mama alipewa uendeshaji bila kuulizwa, kwa kuwa alikuwa jikoni wakati wa kupiga kura. Ndipo Baba Mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, fundi wa magari mwenye gereji yake na sauti yake, aliposimama akajigonga kifua. Alisema mama yake hatapanda mlima ule juu ya mkanda wa zamani. Angebadilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji, vyote vipya, kwa mikono yake mwenyewe, na huo ndio ungekuwa mchango wake. Keshoye alilichukua gari, jioni akalirudisha limeoshwa linang'aa. Akaapa mbele ya Bibi kwamba kazi imekwisha. Watu wakapiga makofi. Bibi akamwombea dua ndefu kuliko aliyowahi kuombewa mtu yeyote katika nyumba ile, mimi nikiwa mfano hai.

Kwa wasiojua, mkanda wa taimingi ni mkanda wenye meno unaokaa ndani ya injini, umefunikwa, hauonekani hata boneti ikifunguliwa. Kazi yake ni kuhakikisha vya juu na vya chini ndani ya injini vinazunguka kwa kupatana. Pampu ya maji imekaa nyuma yake na huzungushwa na mkanda huohuo, ndiyo maana watu wenye akili hubadilisha vyote viwili pamoja, tena kabla ya kuharibika. Mkanda ule haukohoi wala hauombi ruhusa. Siku ukikatika, vyuma vilivyokuwa vikipishana kwa adabu hugongana, na injini haiwaki tena hata gari lisukumwe na bweni zima.

Niliporudi likizo, huku mwenendo wangu ukiendelea kujadiliwa na uongozi wa shule, nilimkuta mama ameinama kando ya gari. Kulikuwa na unyevu chini ya gari, upande wa mkanda, kila asubuhi. Baba alisema ni maji ya kiyoyozi. Kiyoyozi cha gari lile kilifariki kabla sijajua kusoma. Mama alitandika kipande cha kitambaa cheupe, na asubuhi kikawa na doa la kijani: maji ya rejeta. Alimuuliza Baba Mdogo inakuwaje pampu mpya ivuje. Baba Mdogo alicheka, akamwambia shemeji asiwe na wasiwasi, pampu mpya hutoa jasho kidogo mwanzoni.

Mama ni mshonaji. Mtu akimwambia kwamba mshono mpya huachia kidogo mwanzoni, humfungulia mlango wa kutokea. Alimwomba baba ruhusa ya kulipeleka gari kwa fundi mwingine litazamwe. Baba akakataa, akisema hawezi kumvua nguo mdogo wake hadharani kwa sababu ya tone la maji. Gari la ukoo hufunguliwa na fundi wa ukoo. Mama akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Alhamisi asubuhi baba alipokwenda kazini, mama alichukua ufunguo. Mimi nikachukuliwa pamoja na mkoba.

Fundi tuliyemwendea aliitwa Subiri, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila swali alilowahi kuulizwa. Gereji yake ilikuwa uwanja wa mchanga mweusi kwa oili, paa la mabati, na ukuta wenye misumari iliyoning'iniza mikanda ya magari kama nyoka waliohukumiwa. Mama alimwambia anataka mkanda na pampu vibadilishwe leo hii, gari lisafiri kesho. Subiri akauliza nani alilishika mwisho. Mama, ambaye uongo humkaa vibaya, akamtaja shemeji yake.

Subiri aliweka spana chini. Ipo desturi kati ya mafundi wa mji ule: injini iliyofungwa na mwenzako huifungui mpaka umempigia simu. Si lazima akubali, lakini lazima ajue. Mama alimsihi. Alimweleza habari za Bibi, za mlima, za kesho. Subiri alisema anaelewa sana, akasema subiri, akatoka nje na simu sikioni.

Sijawahi kumwona mama akikasirika vile. Hakupaza sauti. Alikaa juu ya tairi na kuanza kung'oa nyuzi kwenye ukingo wa mtandio wake, moja baada ya nyingine, yeye ambaye akiona uzi unaning'inia kwenye nguo ya mpita njia hutamani kumkimbilia na mkasi. Subiri aliporudi na kusema shemeji yuko njiani na kaka yake, mama alimwambia aanze kazi kabla hao watu hawajafika, au ampe spana aanze yeye.

Lazima niseme Subiri alianza. Alimwaga maji, akainua injini kidogo kwa jeki, akatoa puli ya kuzungushia mkanda wa nje, akafungua kifuniko. Kisha akaita, kwa sauti ya mtu aliyefungua sufuria na kukuta kitu kisicholiwa. Tulisogea. Mkanda ulikuwa umepauka kama ulimi wa mgonjwa. Maandishi ya kiwandani yalikuwa bado yanasomeka kwa mbali, na meno mawili matatu yalikuwa yameanza kuachia. Pampu nyuma yake ilikuwa na ukoko wa kijani shingoni, na Subiri alipoishika ikacheza mkononi mwake kama jino la mtoto. Alisema vitu vile havijaguswa tangu gari lizaliwe. Kilichokuwa kipya ni mkanda wa feni, ule wa nje, unaoonekana na kila mtu anayefungua boneti.

Mama alishika ukingo wa gari. Nilijua anahesabu Jumanne na Ijumaa zote alizopanda mlima, Bibi akiwa kiti cha mbele anasinzia. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma safari kadhaa, nikiimba. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilikuwepo siku ya kiapo, likizo iliyopita, na makofi nilipiga.

Subiri aliutoa mkanda, akauweka kwenye benchi, juu yake akatupa kitambaa cha kufutia oili. Hapo ndipo niliposikia sauti ya Baba Mdogo barabarani, ikimtangulia kama ving'ora.

Nilikuwa na muda mfupi wa kufikiri, na muda mfupi ndio ninaofanyia kazi zangu bora. Kwenye msumari wa mwisho ukutani ulining'inia mkanda wa taimingi mzuri sana, mweusi, meno yote kamili. Ulikuwa wa gari la mteja mwingine, aina nyingine kabisa, ulioagizwa kwa makosa ukawa mfupi. Nilikuwa nimeshamuuliza Subiri kuuhusu wakati mama anang'oa nyuzi, maana mimi huuliza kila kitu. Niliuchukua nikasimama nao.

Baba Mdogo aliingia akiwa na baba nyuma yake. Baba alikuwa bado na kitambulisho cha kazini shingoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeaibishwa mbele ya bosi. Walianza wote wawili kwa pamoja. Baba alimuuliza mama ni lini nyumba ile ilipata mwenye nyumba mwingine. Baba Mdogo alimuuliza Subiri kama anataka vita. Aliziuliza mbingu amekosa nini. Alisema yeye hula vumbi la magari ya ukoo mzima bila shukrani, na leo shemeji yake wa kumheshimu amemleta mtu wa pembeni kufungua kazi ya mkono wake, kazi mpya, ya juzi tu.

"Uko wapi?" akasema. "Mkanda wangu uko wapi? Niliuweka mimi, tena kwa ajili ya mama yangu."

Nilipiga hatua mbele na kuinamisha kichwa. Nikamkabidhi ule mkanda mweusi kwa mikono miwili, kama wanavyotufundisha kupokea cheti.

"Huu hapa, Baba Mdogo. Samahani kwa usumbufu."

Subiri alifungua mdomo. Nilimwangalia. Sijui aliona nini machoni mwangu, ila aliufunga, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu yule kujiambia mwenyewe subiri.

Baba Mdogo aliunyakua mkanda, akaugeuza huku na huku, na nikaona kitu kikimpita usoni, kitu kama cha mtu aliyeteleza akakuta mkono wa ngazi. Akauinua juu kaka yake auone. Akamwambia atazame meno. Atazame mpira, bado unanukia duka. Akakunja, ukarudi. Akauliza kama huu ni mkanda wa kuulalamikia, na kama baba amemwona sasa mkewe anavyomchafulia jina.

"Una hakika ni wenyewe?" niliuliza. "Tusije tukakosea."

"Wewe mtoto, mimi nitausahau mkono wangu?" alisema. "Huu niliufunga mwenyewe. Nathubutu kuuapia hata mbele ya mama."

"Basi sawa," nikasema. Nikaufunua mkanda wa kweli pale benchini.

Sikuhitaji kusema mengi, ingawa nilikuwa nimetayarisha hotuba. Subiri alichukua mkanda mpya wa gari letu kutoka kwenye boksi lake, akauning'iniza kwenye kidole, na pembeni yake akauning'iniza ule aliouapia Baba Mdogo. Ulikuwa mfupi mno, usingefika hata ukilazimishwa. Kisha akauning'iniza ule uliopauka. Ulilingana na mpya kama ndugu, isipokuwa mmoja alikuwa wa kuzikwa. Akasema kwa ufupi kuwa ule mfupi ni wa gari la mtu mwingine na haujawahi kufungwa popote.

Maji yaliyobaki yalikuwa yakidondoka kwenye beseni.

Baba aliuchukua mkanda wa zamani. Aliupinda kinyume, kama mtu anavyopinda kitabu kisijifunge, na nyufa zikafunguka mgongoni pote. Jino moja likambakia mkononi. Aliliangalia. Nilitegemea atapiga kelele, baba anajua kupiga kelele, lakini alisema kwa sauti ndogo sana.

"Mama alikuwa juu ya hiki."

"Kaka, nilikuwa nitarudi."

"Mke wangu alikuwa juu ya hiki. Mwanangu."

"Nilikuwa nitarudi, kaka. Siku ile palikuwa na gari la shangazi, na la mjomba limefunguliwa, na lile pikapu la binamu yetu, wote wananipigia. Nikasema nifunge huu wa nje kwanza, wiki ijayo nimalizie. Wiki ijayo wakaleta mengine. Nyinyi mnadhani mimi nina mikono mingapi?"

Na hapo alilipuka. Alisema kila harusi, kila msiba, kila mtoto anayerudi shule, magari yote hulala kwake, na hakuna anayeuliza yeye amelala wapi. Alisema alipiga kifua kwenye kile kikao kwa sababu wote walimtazama yeye kabla hata hajasimama. Sikutaka kumwonea huruma, na hasira yangu ilinisaidia sana katika hilo, lakini nililazimika kukiri moyoni kwamba hakuwa anatunga.

Mama ndiye aliyemjibu. Aliachia ukingo wa gari.

"Ungesema," alisema. "Neno moja tu, shemeji. Sijafanya. Ningelipeleka kwingine, na usingepungua kitu. Mimi nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukanichekea."

Baba Mdogo aliitazama pampu iliyokuwa ikicheza, akanyoosha mkono na kuizungusha mara moja kwa kidole. Ilikwaruza. Akaondoka bila kuaga mtu, na ule mkanda mfupi ameushika bado, mpaka Subiri akamkimbilia barabarani kuudai.

Baba alinigeukia. Aliniuliza nani alinituma kumwaibisha mtu mzima mbele ya watu. Nilimjibu kwa taadhima zote kwamba sikumwapisha mtu, nilimkabidhi tu mkanda. Akasema nyumbani tutaonana. Mama akamwambia, bila kumtazama, kwamba nyumbani ataanza kuonana na yeye kwanza. Baba akavua kitambulisho chake shingoni, akakitia mfukoni, akakaa juu ya tairi alilokuwa amekaa mama. Alikaa pale mpaka Subiri alipomaliza: pampu mpya, mkanda mpya, kikaza mkanda kipya, alama zimepangwa, injini imezungushwa kwa mkono kwanza ihakikishwe haigusani ndani. Ilipowashwa iliwaka kama haikuwa na habari ya ugomvi wetu.

Ilikubaliwa njiani kwamba Bibi asiambiwe, kwa sababu ya presha. Mpango huo ulidumu hadi getini, ambapo baba na mama walianza kuonana kama walivyoahidiana. Chumba cha Bibi kina dirisha linaloangalia uani. Aliyasikia yote, tangu unyevu mpaka meno. Kisha akagonga ukuta kwa fimbo na kuagiza mwanawe mdogo aitwe.

Alikuja jua likiwa bado linaonekana. Alipiga magoti kando ya kitanda na kuanza kulia, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na glasi ya maji nilitaka kuondoka lakini miguu haikutaka. Bibi alimwacha alie kidogo. Mikono yake ilikuwa mapajani, ule wa kushoto na uvimbe wake pale sindano zinapoingia.

"Dua yangu uliipeleka wapi?" aliuliza.

Baba Mdogo alisema amlaumu kwa yote, asimuulize hilo.

"Nilikuombea ukiwa umenikalisha kwenye uzi mbovu. Nikamwambia Mungu, mwangalie huyu, huyu ndiye anayenijali." Alipumzika kupata pumzi. "Hukuniogopa mimi. Uliogopa kuonekana huwezi. Kesho unapanda gari. Na Jumanne. Kila nikienda unakwenda."

Alijaribu kueleza habari za gereji, za magari yanayomngoja.

"Yangoje," alisema Bibi. "Ukoo utembee."

Ijumaa tulipanda mlima. Mama aliendesha, Bibi mbele, mimi nyuma, na pembeni yangu Baba Mdogo, magoti yamemgusa kidevu. Mama alibadilisha gia kama anayekata kitambaa kigumu. Kwenye kona ya juu kabisa, pale penye mwamba huku na hakuna kitu kule, niliona Baba Mdogo ameegemeza sikio kwenye mlango, amefumba macho, anasikiliza injini. Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Sijui kama alikuwa anaomba au anahesabu mizunguko.

Tulipoanza kushuka upande wa pili, alikohoa.

"Mkanda unavuma kidogo, shemeji. Subiri ameukaza zaidi ya inavyotakiwa. Tukifika naweza kuutazama."

"Ukifungua boneti ya gari hili," alisema mama, macho barabarani, "utarudi kwa miguu."

Bibi, ambaye tulidhani amesinzia, alisema atarudi kwa miguu na viatu akiwa amevishika mkononi. Nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka, nami nikaacha.

Hospitalini Baba Mdogo aliruka nje kabla gari halijasimama vizuri, akamfungulia Bibi mlango na kunyoosha mkono achukue mkoba wake wa vitenge. Bibi aliukumbatia.

"Huo naubeba mwenyewe," alisema. "Nipe bega."

Akampa bega. Waliingia ndani hivyo, polepole, yeye akiwa ameinama upande mmoja kwa uzito wa mkono wa mama yake, na kutoka nyuma ilionekana wazi kuwa Bibi anabonyeza kwa nguvu zaidi ya alizohitaji.